Hapa Mkubwa Nani?

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ndani walikuwamo watu 43. Kumi na tisa walifariki. Walionusurika walipokewa na mitumbwi ya wavuvi, kwa sababu wavuvi ndio waliokuwa karibu na ndio waliowahi. Vyombo vya serikali vilifuata: polisi, Zimamoto na Uokoaji, wanajeshi, watu wa uwanja wa ndege, wauguzi, viongozi wa mkoa. Wananchi nao walishika kamba kuivuta ndege kuja nchi kavu.

Aliyewahi kufika kwenye ajali kubwa anajua kwamba pale kuna swali linalopita chini chini, na mara nyingi halijibiwi kwa sauti: hapa mkubwa nani?

Usidhani ni swali la wapenda vyeo. Dereva wa kreni anataka kujua amsikilize nani kabla hajanyanyua bati. Daktari anataka kujua majeruhi watapitishwa njia ipi. Ndugu wa abiria wanatafuta orodha moja ya majina, si tatu zinazopingana. Na ugumu wa kulijibu hautokani na ubaya wa mtu. Kila aliyefika pale ana haki yake kisheria. Polisi wanalinda eneo. Zimamoto wanaokoa. Wachunguzi wa ajali za ndege wangependa mabaki yasiguswe, wakati mwokoaji anataka kuyakata kwa msumeno sasa hivi. Mkuu wa mkoa ana kamati ya ulinzi na usalama kwa mkono mmoja na kamati ya maafa kwa mkono wa pili. Wote ni watumishi wa serikali moja, lakini kila mmoja ana bosi wake, fungu lake la fedha, redio yake, na lawama zinazomngoja asipotimiza la kwake. Ukiacha mambo yajiendee, kila mmoja atafanya kazi yake vizuri na kazi nzima itaharibika.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii hutajwa sana katika vikao vya namna hii, na nadhani hutajwa vibaya, kana kwamba dawa ni kuwatosa manahodha wote abaki mmoja. Watu wa bandarini wana dawa nyingine. Meli kubwa ikikaribia Kilindini, hupanda rubani wa bandari, mtu anayeijua mikondo ya pale, naye ndiye anayeiongoza hadi gatini. Nahodha hajavuliwa cheo, na meli bado ni dhamana yake. Kilichobadilika ni maji. Na kila mtu melini anajua rubani atapandia wapi na atashukia wapi, kabla meli haijauona mlango wa bandari.

Sijui mfano unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001 nchini Marekani, magaidi wa al-Qaida walipoteka ndege za abiria na kuzigongesha kwenye majengo, kwa sababu siku ile swali moja liliulizwa sehemu mbili na likapata majibu mawili.

New York, mnara wa kusini wa World Trade Center ulianguka saa 3:59 asubuhi, na wa kaskazini saa 4:28. Katikati hapo zilipita dakika 29, na ndani ya mnara uliobaki bado walikuwamo askari wengi wa zimamoto. Juu angani zilikuwapo helikopta za polisi. Kama saa 4:08 hivi, rubani mmoja wa polisi alisema redioni kwamba haoni kama mnara ule utasimama muda mrefu. Polisi walimsikia. Zimamoto hawakumsikia, maana ile ilikuwa redio ya polisi. Wakuu wa pande hizo mbili hawakukaa kituo kimoja, na hapakuwa na ofisa wa polisi aliyekaa na zimamoto kazi yake ikiwa kupeleka habari kama ile. Amri ya kutoka ilitolewa na wakuu wa zimamoto wenyewe, lakini redio zao zilisumbua ndani ya majengo marefu, na wengi ama hawakuipata ama hawakujua kwamba mnara wa pili tayari uko chini. Siku ile idara ile ilipoteza watu 343.

Kinachouma zaidi ni kwamba karatasi ilikuwapo. Mwezi Julai mwaka huohuo, Meya Rudolph Giuliani alikuwa ametoa mwongozo unaoeleza ni idara ipi iongoze dharura ya aina ipi jijini. Mwongozo ulikuwa na umri wa miezi miwili. Mazoea ya kila idara kwenda kivyake yalikuwa na umri wa vizazi.

Asubuhi hiyohiyo, ndege nyingine iligonga Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi, katika kaunti ya Arlington, Virginia. Hebu fikiria uzito wa jengo lile: wanajeshi wenye nyota mabegani wamejaa, FBI, wapelelezi wa jinai wa serikali kuu, wanasema hili ni eneo la uhalifu, na anayefika kuchukua uongozi ni zimamoto wa kaunti. Wakamwachia. Idara ile ndogo iliongoza tukio kwa siku kumi, wengine wote wakiwa na mtu wao pale kwenye kamandi. Tarehe 21 Septemba, moto umezimwa na kazi iliyobaki ni ya ushahidi, ikakabidhi uongozi kwa FBI. Rubani ameshuka, mwingine amepanda. Haikuwa kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Simu za mkononi zilizidiwa na masafa ya redio yakajaa, hata ikabidi ujumbe upelekwe na watu kwa miguu. Lakini mtu aliyepeleka ujumbe kwa miguu alijua anampelekea nani.

Tume iliyochunguza mashambulizi yale ilikiri kwamba Pentagon ilikuwa kazi nyepesi kuliko New York: jengo moja, fupi, ndege moja. Hilo ni kweli. Ikaongeza kwamba wa Arlington walikuwa wametumia mfumo mmoja wa kamandi kwa miaka, walikuwa wamefanya mazoezi na FBI na jeshi, na wakuu wao walikuwa wanafahamiana kwa sura. Mimi hilo la sura ndilo linalonikaa. Huwezi kuanza kumwamini mtu saa moja baada ya mlipuko.

Mfumo wenyewe haukuzaliwa na magaidi, ulizaliwa na moto wa nyika. Mwaka 1970 California iliungua kwa siku 13. Walikufa watu 16 na zaidi ya majengo 700 yakateketea. Tathmini iliyofuata haikulaumu sana uhaba wa magari wala watu. Ililaumu mambo ya kijinga: idara hazikuwa na masafa ya pamoja, kila moja ilikuwa na muundo wake wa uongozi, na maneno yaleyale yalikuwa na maana tofauti. Ukiomba tanka, kwa idara moja ni boza la maji, kwa nyingine ni ndege inayomwaga maji. Fikiria uko mlimani unangoja boza, unasikia ngurumo juu ya kichwa.

Hapo ndipo ulipoundwa mfumo wa kamandi ya tukio, ambao ukiuvua mapambo ni makubaliano machache. Tukio linakuwa na kamanda mmoja. Au, kama kweli mamlaka ni ya idara kadhaa, wakuu wao wanakaa hema moja na kutoa mpango mmoja. Chini yao kazi zinagawanywa kwa majina yasiyobadilika: wa operesheni, wa mipango, wa vifaa, wa fedha. Yupo ofisa usalama, ambaye akiona ukuta unataka kuanguka anaweza kusimamisha kazi bila kuomba ruhusa. Mtu mmoja asisimamie zaidi ya watu saba. Watano ndiyo kadiri nzuri. Redioni watu waongee lugha ya kawaida, wasitumie tarakimu za siri ambazo kila kikosi kina kitabu chake. Na kamanda ni yule anayefaa kwa tukio lile kwa wakati ule, si lazima awe mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliopo. Kwa nchi zetu, hilo la mwisho ni zito kuliko yote. Mkuu wa wilaya kumwachia mkaguzi wa zimamoto aongoze kwa saa tatu za mwanzo, mbele ya kamera, ni mtihani wa kiungwana ambao hakuna semina inayoufundisha.

Sasa nigeukie upande wa habari za siri, ambako kutoelewana hakuonekani kwa macho, na ambako uzi wenyewe unaanzia Nairobi.

Baada ya bomu la tarehe 7 Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, lililoua zaidi ya watu 200, mmoja wa washambuliaji, Mohamed al-Owhali, alinusurika na kukamatwa Nairobi. Makachero wa FBI wakapata kwake namba ya simu ya Yemen aliyokuwa ameipiga. Ilikuwa ya nyumba moja mjini Sana'a ambayo al-Qaida waliitumia kupitishia ujumbe. Mwenye nyumba ile alikuwa na mkwe aitwaye Khalid al-Mihdhar. Kwa kuisikiliza simu hiyo, mwishoni mwa 1999 mashirika ya ujasusi yalifahamu kwamba kuna mkutano Malaysia. Januari 2000 CIA, majasusi wa Marekani wa nchi za nje, wakamfuatilia al-Mihdhar hadi Kuala Lumpur, wakajua kwamba ana viza ya Marekani. Mwezi huohuo akatua Los Angeles na mwenzake Nawaf al-Hazmi, kisha wakaishi San Diego. Majina yao hayakuingizwa kwenye orodha ya watu wa kuzuiwa hadi Agosti 2001. Wote wawili walikuwa ndani ya ndege iliyogonga Pentagon.

Yaani namba iliyotolewa na FBI Nairobi ilizaa habari, habari ikaishia kwenye kabati la idara nyingine, na FBI, ambao kazi yao ni kumsaka mtu kama yule akishaingia nchini, hawakuambiwa kwa wakati. Hapakuwa na msaliti. Palikuwapo kanuni zilizotenganisha ujasusi na upelelezi wa jinai, ambazo watu walizitafsiri kwa ukali kuliko zilivyoandikwa, na palikuwapo tabia ya kila mwenye siri duniani: ukiishika hakuna wa kukulaumu, ukiitoa ikavuja kazi huna.

Marekani ilijibu kwa kuunganisha. Sheria ya Novemba 2002 iliunda wizara mpya ya usalama wa ndani, ikakusanya idara na mashirika 22 chini ya paa moja kuanzia Machi 2003: forodha, uhamiaji, walinzi wa pwani, na hata FEMA, shirika la maafa. Kwenye mchoro ilipendeza. Ila Bunge halikujiunganisha lenyewe; kufikia 2004 wizara ile ilikuwa inaitwa mbele ya kamati na kamati ndogo 88. Waziri anayejibu kwa kamati 88 hana tofauti kubwa na mtu mwenye mama wakwe 88.

Mwaka 2005 kimbunga Katrina kikaipima wizara hiyo. FEMA, iliyozoea kuzungumza moja kwa moja na rais, sasa ilikuwa idara ndani ya nyumba iliyokuwa ikifikiria ugaidi asubuhi na jioni. Gavana wa Louisiana, Kathleen Blanco, na Ikulu wakavutana kwa siku kadhaa kuhusu nani awe juu ya askari wa akiba, huku watu wa New Orleans wakiwa juu ya mapaa. Mwishowe vikosi vya serikali kuu vikaendelea na kamanda wao, vya jimbo na gavana wao. Waliong'ara ni walinzi wa pwani, waliookoa zaidi ya watu 33,000, na siri yao haikuwa kubwa: makamanda wao wa chini walikuwa na ruhusa ya kuanza kazi bila kusubiri simu ya juu. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba tatizo la idara kutoelewana litakwisha tukiunda wizara moja kubwa, mwulize kuhusu Katrina. Ukuta uliokuwa kati ya majengo mawili unaweza kuhamia kati ya ghorofa mbili.

Hapa kwetu, somo ghali zaidi lilitolewa Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi wanne waliingia kwenye jumba lile la maduka Nairobi na kuua watu 67. Wa kwanza kuwakabili walikuwa raia wenye silaha zilizosajiliwa, pamoja na polisi wachache waliokuwa karibu. Baadaye kikaingia kikosi cha Recce cha GSU, makomando wa polisi, kisha wanajeshi wa KDF, pande mbili zisizo na mawasiliano ya pamoja wala kamanda mmoja. Wakapigana risasi wenyewe kwa wenyewe, ofisa wa Recce akauawa, na vikosi vikatoka nje. Magaidi wakapata nafasi ya kupumua. Mkasa ulidumu siku nne. Mwaka 2015, kwenye Chuo Kikuu cha Garissa walikouawa watu 148, kosa likawa la aina nyingine: Recce walikuwa Nairobi na walifika saa nyingi baada ya shambulio kuanza, ilhali walipoingia kazi haikuchukua muda.

Tarehe 15 Januari 2019 ikaja zamu ya DusitD2, hapohapo Nairobi. Watu 21 waliuawa, na hakuna anayepaswa kuuita msiba ule ushindi. Lakini vikosi vilifika mapema, vikaingia mapema, zaidi ya watu 700 wakatolewa, na kufikia asubuhi ya siku iliyofuata yamekwisha. Katika miaka mitano na ushei iliyopita hapo katikati, watu walikuwa wamekaa wakakubaliana nani anaingia na nani anabaki nje.

Upande wa maafa Kenya bado imejaa paa nyingi. Kituo cha kitaifa cha operesheni za maafa kilianzishwa 1998, enzi za El Niño. Mwaka 2013 kikaja kitengo cha kitaifa cha usimamizi wa maafa. Ukame una mamlaka yake peke yake. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaitaja kazi ya kudhibiti maafa kwa serikali kuu na inaitaja tena kwa kaunti 47. Mafuriko yakipita kwenye mpaka wa kaunti mbili, hayasomi jedwali. Tanzania imekwenda njia ya mstari mmoja: sheria ya maafa ya 2022, iliyofuta ile ya 2015, inashusha kamati kutoka taifa, mkoa, wilaya hadi kijiji, uratibu ukiwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwenye mchoro ni safi zaidi. Shida ya mstari mmoja ni kwamba mkono wa juu ukichelewa, mkono wa chini hujifunza kungoja.

Na kuna fedha, jambo ambalo ripoti nyingi hulitaja ukurasa wa mwisho nami ningelitaja wa kwanza. Boti ni ya idara hii, mwendeshaji ni wa idara ile, mafuta yako kwenye kasma ya tatu, na mwenye kusaini ni ofisa masuuli aliyeko makao makuu. Usiku wa manane, ushirikiano ni lita mia moja za dizeli. Majimbo ya Marekani yalilimaliza hili mapema: tangu 1996 yana mkataba ulioidhinishwa na Bunge, unaosema jimbo likiomba msaada litalipa, na daktari au mhandisi anayevuka mpaka leseni yake itatambuliwa. Mabishano yote yalifanyika mezani, kwenye kiyoyozi, hakuna aliyekuwa akizama.

Nisije nikaonekana ninauza dawa ya kila ugonjwa. Kugawana habari kuna bei. Baada ya 2001 Wamarekani walizifungua kabati zao hadi askari wa cheo cha chini aliyekuwa Iraki, Chelsea Manning, akaweza kupakua nyaraka za kidiplomasia kama 250,000, zikaanikwa 2010. Wizara ya mambo ya nje ikaiondoa hazina yake kwenye mtandao ule wa pamoja. Pia vyombo vinavyoelewana kupita kiasi vinaweza kuelewana dhidi ya raia. Anayesema idara zote zione kila kitu cha kila mtu atuambie nani atawachungulia hao wanaochungulia.

Niliwahi kukaa nyuma ya ukumbi kwenye zoezi la utayari la wilaya moja ambayo siitaji. Mwezeshaji, mama mmoja mstaafu wa zimamoto, hakuwasha projekta. Aliomba faili la mpango wa maafa, akafungua ukurasa wa namba za simu, akamwita binti wa masjala, akamwambia apige moja moja kwa spika. Ya kwanza haikupatikana. Ya pili ilipokelewa mapokezi ya hospitali, wakasema wampigie mhasibu. Ya tatu, iliyoandikwa kuwa ya mkuu wa boti, iliita muda mrefu, kisha tukasikia upepo na kengele za ng'ombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Binti akaeleza anapiga kutoka ofisi gani na kwa sababu gani.

"Mie nilistaafu mwaka juzi," mzee akasema. "Huyo aliyekuja nyuma yangu simjui. Lakini kama kuna watu majini, ngoja nikwambie ufunguo wa boti unakaa wapi."